Boti Ndogo ya Uvuvi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Madhara ya Bodi na Hitilafu za Trela

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mvuvi mwenye boti ndogo ya injini, yenye urefu wa mita 4 hadi 6, ambaye huitoa majini baada ya kazi na kuisafirisha kwa trela. Maswali ya bodi, yaani mwili wa boti, na ya trela yamechanganywa kwa makusudi, kwa kuwa nyufa nyingi ambazo lawama zake hutupiwa miamba huwa zimeanzia barabarani.

Nimeona ufa kwenye tumbo la boti yangu ya faibaglasi. Nitajuaje kama ni wa juu juu tu au umeingia ndani?

Tabaka la nje la boti ya faibaglasi, lile linalong'aa na kubeba rangi, huitwa jelikoti, na unene wake kwa kawaida haufiki milimita 1. Tabaka hilo ni gumu lakini halipindiki kwa urahisi, hivyo hupasuka kabla nyuzi za faibaglasi zilizo chini yake hazijadhurika. Ufa wa jelikoti peke yake hufungulia maji mlango na unastahili kuzibwa, lakini si wa kumzuia mtu kwenda kazini kesho.

Ili kuutofautisha na ufa wa ndani, chukua sarafu au mpini wa bisibisi, gonga taratibu kuanzia mahali pazima kuelekea kwenye ufa, na usikilize. Mahali pazima hutoa mlio mkavu na wazi, ilhali mahali ambapo matabaka yameachana hutoa mlio mzito uliokufa, kama wa kugonga kadibodi. Kisha mwombe mtu akandamize kwa goti kutoka ndani huku wewe ukiutazama ufa kwa nje. Ukiona kingo zake zinaachana na kurudiana, hata kwa unene wa unywele, basi nyuzi zimekatika, na kupaka puti juu yake ni kuficha jeraha tu.

Umbo la nyufa nalo hueleza chanzo. Nyufa zinazotawanyika kutoka sehemu moja kama miale ya nyota hutokana na pigo moja, kwa mfano la jiwe au kona ya gati. Nyufa zinazokwenda sambamba, mbili tatu kwa pamoja, hutokana na bodi kupindwa mara nyingi juu ya kitu kigumu, na kitu hicho aghalabu ni sehemu ya trela.

Kwa nini ufa uleule hurudi kila ninapouziba?

Kwa sababu kilichousababisha bado kipo. Mimi mwenyewe niliziba ufa mmoja mara tatu katika boti yangu, ufa wa urefu wa kiganja uliokuwa kando ya mkuku, yaani mhimili wa katikati ya tumbo, hatua moja kutoka shetri, sehemu ya nyuma ya boti. Kila mara niliamini kwamba nimekosea kuchanganya rezini, gundi inayoganda pamoja na nyuzi za faibaglasi. Mara ya nne nililala chali chini ya trela nikiwa na tochi, nikakuta rola moja imeganda kwenye pini yake kwa kutu. Mpira wake ulikuwa umelika upande mmoja hadi ukawa bapa, na ncha ya kishikio chake cha chuma ilikuwa inang'aa kama iliyopigwa msasa, kwa upana wa kidole gumba, mahali hasa ambapo ufa ulikuwa unaanzia. Rola mpya na pini mpya vilimaliza kazi ambayo makopo matatu ya rezini hayakuiweza.

Boti ikiwa majini, maji huibeba tumbo zima kwa usawa. Ikiwa juu ya trela, uzito uleule, pamoja na injini, mafuta, nanga na nyavu, huangukia sehemu chache zenye upana wa kiganja. Barabara ikiwa na mashimo, kila mtikisiko huuzidisha uzito huo kwa muda mfupi. Ndiyo maana ninashauri kwamba yeyote anayekuta ufa mpya kwenye tumbo la boti asiguse msasa kabla hajakagua trela.

Boti inapaswa kukaa vipi juu ya trela?

Mkuku ndio uti wa mgongo wa boti, na ndio unaopaswa kubeba sehemu kubwa ya uzito, ama juu ya rola za katikati zinazozunguka bila kukwama, ama juu ya mihimili yenye mpira. Mbao ndefu za pembeni zilizovikwa zulia zinapaswa kulala chini ya mbavu ndefu zilizojengwa ndani ya bodi, wala si katikati ya mbavu hizo ambako bodi ni nyembamba.

Sehemu inayosahauliwa sana ni shetri. Miisho ya mbao za kulalia ifike usawa wa ubao wa shetri, kwa kuwa hapo ndipo injini inapoegemea. Boti ikichomoza nyuma ya mbao hizo kwa sentimita 20 au 30, injini huning'inia bila tegemeo, na baada ya misimu kadhaa tumbo hupinda mbele kidogo ya shetri. Mvuvi hugundua jambo hilo majini, pale boti inapoanza kuchoma omo, yaani sehemu yake ya mbele, chini na kukataa kuinuka hata injini ikipewa moto wote.

Uzito unaoshuka kwenye kichwa cha trela, pale kinaposhikana na gari, uwe takriban asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote wa trela na mzigo wake. Kwa trela na boti vyenye kilo 800 kwa pamoja, hiyo ni kilo 40 hadi 80, kiasi kinachoweza kupimwa kwa mizani ya kupimia watu iliyowekwa chini ya gurudumu dogo la mbele au chini ya kigogo kinachoinua kichwa hicho hadi kimo cha kuvutwa. Uzito huo ukipungua mno, trela huanza kuyumba kulia na kushoto kadiri mwendo unavyoongezeka, na dereva akishapatwa na hali hiyo mara moja hawezi kuisahau. Sogeza nguzo ya winchi na boti mbele, au hamisha mizigo iliyorundikwa nyuma.

Je, mkanda wa winchi unatosha kuishikilia boti?

Hautoshi. Winchi ni ya kuipandisha boti, si ya kuifunga safarini. Omo lifungwe pia kwa mnyororo mfupi ulioshikizwa kwenye trela, na shetri ifungwe kwa mikanda miwili inayovuta kuelekea chini, mmoja kila upande. Boti isiyofungwa nyuma hurukaruka juu ya mbao, na kila inapotua huigonga bodi yake yenyewe.

Kwa nini beringi za trela la boti huharibika mapema kuliko za trela la kawaida?

Kwa sababu huzamishwa zikiwa moto. Habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, ikizunguka kwa kilomita kadhaa hupata joto, na hewa iliyomo ndani yake hutanuka. Trela likishushwa moja kwa moja majini, hewa hiyo hupoa na kunywea ghafla, na nafasi inayobaki huvuta maji kupita kwenye sili, ile pete ya kuzuia maji. Maji yakishaingia huchanganyika na grisi na kukaa humo. Trela hurudishwa nyumbani, huegeshwa wiki mbili, na katika wiki hizo mbili kutu hula sehemu ya chini ya beringi, ile iliyolala ndani ya maji. Safari inayofuata ndiyo inayosikika ikiunguruma.

Kinga yake haihitaji fedha. Ukifika ufukweni, shika habu kwa mkono, na usishushe trela mpaka uweze kuishika bila kuhisi joto. Muda huo wa kusubiri utumie kupakia vifaa, kufungua mikanda na kukaza nguruzi, kizibo cha tundu la kutolea maji. Ikiwa mteremko unaruhusu, shusha trela kwa kiasi kinachotosha boti kuelea tu, kwa maana si lazima habu zizame kila mara.

Vipo vifuniko vya habu vyenye springi ndani, ambavyo huisukuma grisi daima ili maji yasipate nafasi. Ni vifaa vizuri, lakini vina hatari moja: ukipampu grisi kupita kiasi, shinikizo huing'oa sili ya nyuma, na grisi hurukia upande wa ndani wa tairi. Ukiona utando mweusi wa mafuta upande huo, jua sili imeachia.

Nitakaguaje beringi bila kuzifungua?

Inua gurudumu moja kwa jeki baada ya kuzuia lile la upande wa pili kwa mawe au vigogo. Shika tairi juu na chini, ulitikise kuelekea kwako na mbali nawe. Mchezo, yaani kulegea, unaokubalika ni mdogo sana, ule unaoweza kuhisiwa lakini hauonekani. Kisha lizungushe kwa mkono na usikilize: mlio wa kusaga, au mkwaruzo unaojirudia mahali palepale katika kila mzunguko, ni dalili ya beringi iliyochimbika.

Hata ukiona hali ni nzuri, fungua habu angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi ikiwa unavua baharini. Chota grisi kidogo kwa kidole. Grisi nzima hubaki na rangi yake na huteleza. Grisi iliyoingiwa na maji hupauka, ikawa kama maziwa yaliyoganda, na ukiisugua kati ya vidole utahisi chembe za kutu kama mchanga mwembamba. Hiyo isafishwe yote. Beringi yenye hata doa moja la kutu kwenye vigololi vyake ibadilishwe pamoja na kikombe chake, wala isiwekewe kikombe cha zamani, kwa sababu viwili hivyo vimechakaa kwa kufuatana. Wakati wa kufunga, kaza nati huku ukizungusha gurudumu, kisha ilegeze kidogo mpaka gurudumu lizunguke huru, na weka pini mpya ya kuzuia. Nati iliyokazwa kwa nguvu zote huiunguza beringi mpya kabla haijamaliza safari yake ya kwanza.

Matairi yangu bado yana kashata (meno ya tairi) nzuri. Kwa nini yanapasuka?

Matairi ya trela la boti mara nyingi hufa kwa uzee kabla ya kulika, kwa kuwa hukaa juani bila kuzunguka huku yamebeba uzito. Tazama ubavuni, utaona tarakimu 4 za mwisho katika msimbo wa tairi: 2 za kwanza ni wiki na 2 za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nyufa ndogondogo ubavuni au umri unaozidi miaka 6 hivi ni sababu ya kutosha ya kubadilisha, hata kama kashata inaonekana mpya. Upepo mdogo ni adui wa pili, kwa sababu tairi laini hupata joto jingi. Beba tairi la akiba, na uhakikishe kwamba spana uliyonayo inaingia kwenye nati za trela, kwani si lazima ziwe sawa na za gari.

Taa za trela huwaka siku moja na kugoma siku inayofuata. Tatizo ni nini?

Anza na waya wa ethi, unaorudisha umeme kupitia fremu. Mara nyingi umefungwa kwa skrubu kwenye fremu, na kutu chini ya skrubu hiyo hukata mkondo. Taa zinazowaka kwa ufifi, au taa ya kuashiria kona inayowasha na ya breki kwa pamoja, humaanisha ethi mbovu karibu kila mara. Safisha chuma mpaka king'ae, funga upya na upake grisi. Chomoa plagi ya taa kabla ya kushusha trela majini, kwa kuwa balbu ya moto ikiguswa na maji baridi hupasuka.

Kutu kwenye fremu ni ya kuogopwa kiasi gani?

Kutu unayoiona nje ni nafuu kuliko ile usiyoiona. Fremu za mabomba ya mraba hukusanya maji ya chumvi ndani na kulika kutoka humo. Gonga fremu kwa nyundo ndogo, hasa chini ya ekseli, kwenye maungio na pale boliti zinapopita. Chuma kizima hulia, na kilicholika hutoa sauti butu au kubonyea. Kagua pia springi na boliti za umbo la U zinazofunga ekseli, kwa sababu hizo hukatika bila taarifa. Baada ya kila safari ya maji chumvi, suuza trela lote kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uingize mpira wa maji ndani ya mabomba yenye matundu.

Je, ninaweza kukarabati tundu la faibaglasi mwenyewe?

Tundu dogo lililo mbali na mkuku, shetri na maungio ya mbavu linaweza kukarabatiwa na mtu makini mwenye subira. Bodi lazima iwe kavu kwanza, na kukauka huko huweza kuchukua siku nyingi, kwani maji yaliyonywewa na nyuzi hayaonekani kwa macho.

Kata sehemu yote iliyovunjika mpaka ufikie nyuzi nzima. Kisha saga kingo ziwe mteremko mrefu, wala usiache ukingo uliosimama wima. Uwiano unaokubalika na wengi ni 12 kwa 1, yaani bodi yenye unene wa milimita 5 inahitaji mteremko wa milimita 60 kuzunguka tundu lote. Wengi huona huo ni uharibifu wa bodi nzima, na hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu kiraka hakishikwi na ukingo wa tundu bali na upana wa mteremko huo. Futa vumbi, pangusa kwa asetoni na kitambaa safi, kisha laza vipande vya faibaglasi vya ukubwa unaopishana, ukikandamiza kila kimoja mpaka mapovu ya hewa yaishe.

Katika kuchagua rezini, kumbuka kwamba epoksi hushika vizuri juu ya poliesta ya zamani, ilhali poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Kwa kiraka kilicho chini ya mstari wa maji mimi huchagua epoksi, ingawa ni ghali zaidi, kisha ninaipaka rangi, kwa sababu jua huidhoofisha ikiachwa wazi. Epoksi nyingi huacha utando kama nta zikishaganda. Uoshe kwa maji na usugue kabla ya kupaka tabaka lingine. Changanya kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, wala usiongeze kigandishi ukidhani epoksi itaganda haraka, kwani itabaki laini milele. Changanya kidogo kidogo, kwa maana rezini nyingi ndani ya kopo moja hupata joto kali na huweza kutoa moshi.

Vaa barakoa ya vumbi, miwani na glavu. Vumbi la faibaglasi huingia kwenye mapafu na ngozini, na hakuna samaki anayelipa gharama hiyo.

Boti yangu ni ya alumini na inavuja kwenye ribiti, pini zinazounganisha mabati yake. Nifanyeje?

Tafuta kwanza ni ribiti zipi. Boti ikiwa juu ya trela, mimina maji kidogo ndani, upite chini yake na kalamu ya kuwekea alama. Usiijaze, kwa kuwa lita 1 ni kilo 1, na lita 300 juu ya trela dogo zinaweza kupinda bodi uliyokusudia kuiokoa. Ribiti iliyolegea kidogo hukazwa kwa kugongwa, mtu mmoja akishika chuma kizito upande wa pili. Iliyokatika hutobolewa na kuwekwa mpya isiyo na tundu, pamoja na silanti (gundi ya kuziba maji) ya baharini.

Unga mweupe na vishimo vidogo ni ulikaji unaotokana na alumini kugusana na metali nyingine penye maji. Shaba ndiyo mbaya kuliko zote: sarafu au kipande cha waya wa shaba kilichodondoka ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, huweza kutoboa tumbo kwa muda. Kwa sababu hiyohiyo, usipake kamwe rangi ya kuzuia viumbe wa majini yenye shaba kwenye alumini, wala usitumie mbao zilizotiwa dawa ya shaba kuwa mbao za kulalia boti kwenye trela. Hapo tena trela ndilo linaloitoboa boti, bila hata kutembea.

Ubao wa shetri unacheza ninapoinua injini. Je, ninaweza kuendelea kuvua?

Hapana, tafadhali. Ubao huo mara nyingi ni plaiwudi iliyofunikwa kwa faibaglasi, na maji huingia kupitia matundu ya boliti za injini na skrubu za vifaa vidogo. Toboa tundu dogo sehemu ya chini kutoka ndani na utazame unga unaotoka: mweupe na mkavu ni ishara njema, mweusi na mbichi unaonuka uvundo ni ubao uliooza. Shetri iliyooza huweza kuachia injini ikiwa katika mwendo, na boti ndogo iliyofunguka nyuma hujaa maji kwa dakika chache. Ukarabati wake ni wa kubadilisha ubao mzima, na kwa kazi hiyo ninashauri fundi. Safarini, weka tegemeo kati ya mguu wa injini na trela, ili mitikisiko isiivute shetri.

Nikitoboka nikiwa majini, nianze na nini?

Wote wavae jaketi okozi kabla ya jambo jingine lolote. Tundu la kipenyo cha sentimita 5, likiwa sentimita 30 chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 150 kwa dakika, na hakuna mtu anayefua maji kwa kasi hiyo akitumia ndoo peke yake. Kwa hiyo punguza tundu kwanza, ndipo ufue. Sukumia ndani kitambaa, godoro la kukalia au kigogo laini chenye ncha, hamishia watu na mizigo upande wa pili ili tundu liinuke, na uelekee maji mafupi yaliyo karibu, hata kama siko ulikokusudia kushukia. Toa taarifa mapema, wakati simu au redio bado ni kavu.

Boti imekuwa nzito kuliko zamani ingawa haivuji. Maji yako wapi?

Yanaweza kuwa ndani ya foma, yaani povu gumu la kuelea, iliyo chini ya sakafu. Pima boti na trela kwenye mizani ya magari, ulinganishe na uzito ulioandikwa na watengenezaji. Ongezeko la kilo nyingi lisiloelezeka kwa vifaa ni maji, na ni mzigo ambao trela, matairi na beringi havikuukubali. Mvua nayo isidharauliwe: sakafu ya mita 4 kwa mita 1.2 ikishika maji ya sentimita 10 imebeba karibu kilo 480. Boti ikiwa nchi kavu, nguruzi iwe nje na omo liinuliwe.

Baada ya ukarabati, nitajuaje kwamba tatizo limekwisha kabla ya kurudi mbali majini?

Acha rezini igande kwa muda wote ulioandikwa kwenye kopo, kisha kaa maji mafupi kwa saa nzima huku ukishika kiraka kwa mkono kutoka ndani. Ukirudi, pangusa tumbo likauke na upake chaki nyingi juu ya rola zote na mbao za kulalia. Pandisha boti, ifunge, na uivute kilomita chache kwenye barabara yako ya kawaida, kisha ishushe tena polepole mahali ambapo unaweza kuona chini. Chaki itakuwa imehamia kwenye bodi. Mstari mpana uliosambaa sawasawa unaonyesha kwamba uzito umegawanyika vizuri. Doa moja dogo lililokolea, hasa likiwa karibu na kiraka kipya, linaonyesha kwamba rola hiyo ishushwe kidogo, na jaribio lirudiwe kabla ya boti kulala juu ya trela hilo usiku mwingine.